Jasnau ya Nani

Mke wangu alikuwa akiitwa Mejumaa. Amekufa mwaka huu, mwezi wa mfunguo tatu. Watoto wa dada yake huniuliza alikuwa mtu gani, na kila nikianza kuwaambia huruka hapa na pale nisifike mwisho. Basi nimeona niandike. Shule sikuingia; herufi nalifunzwa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani. Yatosha.

Hakuwa mtu wa kutajwa. Alikuwa yaya. Mamake, Bi Dama, alimleta mjini Mombasa kutoka Rabai mwaka wa njaa, akamwacha kwa Khatijabai, nyumba ya Ndia Kuu, alelewe na asaidie kazi. Khatijabai alikuwa mkali wa ulimi na mwepesi wa mkono wa kutoa. Mumewe, Noormohamed, alikuwa na duka la leso na uzi.

Noormohamed alikuwa na Kiingereza cha dukani. Akija karani au Mzungu kutaka kitambaa, naye yuko juu ya ngazi, huita, "Jasnau, saheb, jasnau!" huku ashuka. Mejumaa alikuwa chini ameshika ngazi. Kwa hivyo akalijua neno hilo pamoja na miguu ya mwenye duka. Jasnau ni sasa hivi.

Baadaye nikaambiwa na wanaosoma kwamba ni maneno mawili, just na now. Sisi tulisikia moja, na moja ndilo tulilokaa nalo.

Mimi kazi yangu ni uashi. Ukuta wa nyuma wa Noormohamed ulikuwa ukitoa chumvi, nikaitwa kuukwangua na kuupiga chokaa upya. Siku ya kwanza naliomba maji ya kunywa. Msichana aliyekuwa ukumbini akasema, "Jasnau," kwa mzaha, kama mwenye duka. Sikujua maana yake. Lakini kabla sijaweka mwiko chini, kata ya maji ilikuwa mbele yangu. Ukuta ulipokwisha nikaposa.

Khatijabai aliniuliza kama najua mtu mwenyewe ana maneno. Nikamwambia mimi sina, atasema yeye kwa wote wawili. Ndivyo ilivyokuwa.

Tukapanga chumba Kibokoni. Yeye akapata kazi Kizingo, kwa bibi mmoja mzee wa Kiingereza, mjane, aishiye na paka. Huko ndiko neno lilikomgeuka mara ya kwanza. Siku moja alitoka sokoni, bibi akamwambia habari fulani. Mejumaa akadaka maneno matatu: padri, hapa, jasnau. Akaelewa padri yuaja sasa hivi. Akaandika meza, akatoa vikombe vizuri, akakata keki, akasimama na pepeo kufukuza nzi. Bibi akatoka chumbani akauliza wamngoja nani. Mejumaa akasema amngoja padri. Bibi akacheka hadi akavua miwani. Kisha akamwonyesha kwa kidole gumba, nyuma ya bega. Padri alikuwa amekuja na amekwisha kwenda.

Jioni akaniambia, "Faraj, jasnau ya Waingereza iko nyuma."

"Na ya Noormohamed?"

"Ya Noormohamed iko ngazini, yashuka."

Tukaishi hivyo. Mwaka wa arobaini bibi mzee akarudi kwao. Mwaka wa arobaini na moja tukapata mtoto, wa kiume. Hakufika kuketi. Sina zaidi ya kusema hapo.

Mejumaa alikaa ndani, hali, hasemi. Yule mwenye maneno akawa kama mimi. Khatijabai ndiye aliyemtoa. Alikuja na viatu vyake hadi kitandani, akamwambia kuna mtoto wa Kizungu Kizingo hali chakula, na wewe huli chakula, haya nendeni mkashindane.

Mtoto huyo alikuwa akiitwa Hilda. Babake alikuwa injinia bandarini Kilindini. Mamake tulimwita Mama Hilda, sijui jina jingine. Mtaani waliwaita Makaburu kwa kuwa walitoka Afrika Kusini. Wenyewe walikuwa wakikataa, wakisema wao ni Waingereza wa Durban. Lakini ukimwambia mtu wa Kibokoni tofauti hiyo atakuuliza yaliwa na nini.

Homa ilikuwa imemwacha Hilda mifupa. Kijiko akikiona hufumba mdomo. Mejumaa alitupa kijiko, akaponda wali wa nazi kwa vidole, akamlisha tonge kama tunavyolishana sisi. Mtoto akala. Kuanzia siku hiyo hakula kwa mkono mwingine. Na Mejumaa, akimaliza kumlisha, akawa na yeye ala kilichobaki.

Siku za mwanzo Mama Hilda alimwambia amwogeshe mtoto, jasnau. Mejumaa akapima. Ya nyuma haiwezekani, maana mtoto ana mchanga hadi masikioni. Basi ni ya Noormohamed. Akapasha maji, akatia beseni, akamvua mtoto nguo. Mama Hilda akatokea barazani na wageni wake, akamkuta mtoto uchi. "Jasnau, Mejumaa," akasema. Mejumaa akafanya haraka zaidi. "No, no. Jasnau." Akamvika mtoto nguo. Maji yakapoa, akayamwaga. Jua lilipokuwa lainama, Mama Hilda akauliza maji yako wapi.

Haya alinisimulia usiku ule ule, akiigiza kwa beseni letu la kufulia: alileta, akarudisha, akaleta. Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tulipozika. Nami nikacheka. Nataka mkumbuke kwamba kisa hiki alinisimulia mwenyewe, na mimi nalikielewa.

"Hiyo ya Mama Hilda yaitwaje?" nikamuuliza.

"Hiyo ni ngoja."

"Ngoja hadi lini?"

"Hapo ndipo pana kazi. Yaweza kuwa magharibi, yaweza kuwa kesho. Mwenyewe hajui."

Kuanzia hapo neno likawa letu. Mmoja akisema atafanya jambo sasa hivi, mwenzake huuliza, "Ya nani?" Nikiambiwa nitengeneze mlango nami nimechoka, husema ya Mama Hilda. Naye akiniona nimerudi na njaa, husema ya Noormohamed, na sahani hiyo hapo.

Mwaka wa arobaini na mbili, mvua za masika zikikatika, Kilindini ilijaa manowari hata maji hayaonekani. Mjini watu wakasema Wajapani waja. Wazungu wakaanza kuwaondoa wake na watoto. Hilda naye homa ilikuwa imemrudia.

Injinia alikuja mwenyewe Kibokoni. Aliinama kupita mlango wetu, akaketi kwenye kigoda changu chenye chokaa, akatoka na alama nyeupe suruali nzima. Mejumaa alisimama karibu na mlango, leso mdomoni, akifasiri. Kwamba mkewe na mtoto waenda Durban kwa bibi yake mtoto. Kwamba mtoto hali kwa mkono wa mtu mwingine. Kwamba aomba Mejumaa afuatane naye mpaka amzoee bibi yake.

Kisha akasema maneno mengine, na ndani yake nikalisikia mwenyewe, kama kijiwe katika wali. Jasnau.

Mejumaa akafasiri. "Asema watanirudisha sasa hivi."

Nalimtazama. Hakunitazama. Aliangalia pale sakafuni palipokuwa pamewekwa kitanda cha mtoto wetu.

Nikayakumbuka yale maji, yaliyokuwa yakipoa ndani ya beseni. Nikajua asemalo Mzungu silo lililofasiriwa. Nikajua pia kwamba huyu si mtu wa kukosea neno hilo. Alitaka kwenda, na hakuwa na ulimi wa kuniomba jambo refu hivyo. Alikuwa amezika mtoto mmoja. Sikuona haki yangu ya kumzuilia na wa pili.

"Mwambie nimesikia," nikasema.

"Na ruhusa?"

"Ruhusa unayo."

Siku ya safari nalimsindikiza hadi lango la bandari. Ana bweta dogo la nguo, na mahamri ya Khatijabai yamefungwa kitambaani. Hilda alikuwa mgongoni mwake, amefungwa leso kama mtoto wa Rabai. Aliniambia chumvi iko juu ya kabati.

Nikaanza kungoja.

Mbele ya chumba chetu palikuwa na kinyozi, jina lake Kombe. Barazani pake hapakosi watu. Jua halijashika vizuri huwa ameshanikata nywele bila wembe, kwa ulimi tu. Wiki chache za kwanza, kwa kuwa naliwaambia mke wangu arudi sasa hivi, aliuliza kwa wema, sasa hivi imefika? Nikamwambia iko njiani. Mwezi ukaandama, mwingine ukaandama. Akanipa jina, Bwana Sasa Hivi.

"Mke wangu mimi," akawaambia wateja, nami napita na ndoo ya chokaa, "akienda kisimani sasa hivi, hurudi na maji. Wa Faraj amekwenda Durban na tonge la wali."

Walicheka. Ilikuwa yachekesha. Mimi nikenda kazini.

Kazi yangu wakati ule ilikuwa ukuta wa msikiti, nyuma ya Ndia Kuu. Chokaa haina haraka. Ukishaizima kwa maji huiacha ikalala, na ukiipiga kabla haijalala huja kupasuka ukutani, watu wakakutukana. Mkono ulifanya kazi hiyo. Masikio yalikuwa Kilindini. Tulisikia meli zapigwa na nyambizi upande wa Msumbiji, njia ile ile ya Durban. Mabaharia walitaja majina ya meli na mimi sikujua yake yaitwaje. Injinia mwenyewe alikuwa amehamishwa, sikuwa na wa kumuuliza. Ramadhani ikaingia. Nalifuturu kwa Khatijabai, naye alinipakulia sahani mbili kwa mazoea, kisha akaitoa moja haraka.

Baada ya Idi akatokea Abdulghafur. Huyu ni mpishi wa meli, mtu wa mtaa wa Kuze, namjua tangu chuoni. Alisimama barazani kwa Kombe, mbele ya watu wote, akasema amemwona Mejumaa kwa macho yake. Alikuja gatini Durban, mtoto mkononi, auliza kila meli kama kuna mtu wa Mombasa. Yu mzima. Asalimu. Asema atakuja sasa hivi.

Mtaa ukalipuka. Kombe akanishika mkono, akaniahidi kuninyoa bure siku hiyo. Mtu akakimbia kwa Khatijabai, na kabla sijafunga mlango nalikuwa nikinusa vitunguu vya biriani vyakaangwa.

Mimi nikamvuta Abdulghafur pembeni. Nikamuuliza Mejumaa alisemaje.

"Nimekwambia. Atakuja sasa hivi."

"Neno lake hasa. Lilivyomtoka kinywani."

Akafikiri. "Alisema jasnau. Nikamwambia, dada, Mswahili mwenzio wanisemeza Kizungu? Akasema, mpelekee vivyo hivyo, usilifasiri. Lakini, Faraj, nikaona haya kumletea mtu neno la Kizungu kutoka kwa mkewe."

Nikamkumbatia. Sikuwa mtu wa kukumbatia watu, hata yeye alishangaa.

Kwangu hiyo ilikuwa salamu timamu. Nyumbani, mbele ya Mzungu, alinifasiria neno upande mmoja. Sasa ameliwasilisha lilivyo. Yu hai, yuaja, na si leo. Mtu wa tatu hakuna ambaye angeelewa.

Nikenda kwa Khatijabai, nikamwambia Bai, zima moto, si sasa. Akaniuliza nimepata wapi habari kuliko baharia aliyemwona. Sikuweza kumweleza. Akanipigia kelele kwamba mwanamume asiyemtaka mkewe aseme wazi, asiseme zima moto. Biriani ililiwa na mtaa mzima, na mimi nikala. Hakuna aliyekuja.

Baada ya siku ile hata Kombe aliacha mzaha, na hapo ndipo ikawa nzito. Mtu akikucheka bado ana tumaini na wewe. Alinifuata ndani, akaketi.

"Faraj, ndugu yangu, sasa sikutanii. Yule ameshapata kwao kwingine. Na safari yenyewe ya mwanamke peke yake, wajua inasemwaje. Mwache kwa wema. Binamu yangu yuko Mkanyageni, mjane, hana makeke. Nyumba haikai na mwiko wa chokaa."

Nalijua asema kwa mapenzi. Nami usiku nilikuwa nikijiuliza hayo hayo. Labda amekaa na mtoto mwenye mdomo wa kulisha, kwa nini arudi kwa mtu mwenye chumba na kimya? Sikuwa na hakika. Nalikuwa na neno tu.

"Hajachelewa," nikamwambia.

"Hajachelewa?"

"Hajachelewa bado."

Kombe aliondoka akitikisa kichwa. Nadhani alikwenda kuwaambia watu nimeanza kurukwa na akili, maana kwa muda walinisalimu polepole, kama mgonjwa.

Masika nyingine ikaja, ikaenda. Naliupiga chumba chetu chokaa, kuta zote, na dari. Mahali pale pa kitanda cha mtoto naliacha mwisho, kisha nikapapiga pia.

Alirudi mwezi wa Shaabani, Ramadhani ya pili ikiwa yakaribia. Mimi nalikuwa juu ya jukwaa, mbele ya nyumba ya mtu, karibu na pale pale kwetu. Nalisikia baraza la Kombe limenyamaza ghafla, jambo lisilokuwa kawaida. Nikageuka. Bweta lile lile. Amekonda, buibui limechakaa, mgongoni hana mtu.

Watu wakangoja niseme. Nikashuka, nikaweka mwiko ndani ya ndoo, nikalichukua bweta, tukaingia ndani. Nyuma nikamsikia Kombe asema kwa sauti ndogo, "Haya, ndiyo sasa hivi hiyo."

Aliketi. Alizitazama kuta. Nikampa kata ya maji, akanywa yote.

"Hilda?" nikauliza.

"Ala chakula sasa. Siku moja bibi yake alimpa tonge, akafungua mdomo. Mimi nalikuwa nimesimama hapo hapo. Nikenda kufunga bweta. Meli ndiyo iliyonikawiza."

Akaiweka kata chini. "Umengoja sana, Faraj."

"Umekuja jasnau," nikamwambia.

Akainua uso. "Ya nani?"

"Ya Mama Hilda."

Leso ikashuka mdomoni. "Ulijua," akasema. "Siku ile ya Mzungu. Ulijua."

"Nalijua."

"Na ukanipa ruhusa."

"Uliiomba."

Akalia hapo. Hakulia tulipozika, hakulia langoni, akalia siku hiyo, na mimi nikakaa karibu naye na mikono yangu yenye chokaa, nisijue pa kuiweka. Akaishika yeye. Kisha akauliza kama chumvi yangali juu ya kabati.

Mwenyezi Mungu hakutupa mtoto mwingine. Alilea wa watu, weusi, weupe na wa Kihindi, hata wajukuu wa Khatijabai. Vidole vyake vilijulikana mji mzima. Mtoto akikataa chakula, huletwa kwetu. Kombe alimwoza binamu yake kwa Abdulghafur, na alininyoa hadi alipokufa, na jina la Bwana Sasa Hivi sikuvuliwa.

Mwaka huu Mejumaa alilala mgonjwa siku chache tu. Asubuhi ya mwisho aliomba uji wa mchele wenye nazi. Nazi ilikuwa haimo ndani. Nikavaa kofia, nikamwambia naja sasa hivi.

"Ya nani?" akasema. Sauti haikuwa na nguvu, lakini neno lilikuwa zima.

"Ya Noormohamed."

Kwa miaka hii siendi mbio, lakini siku hiyo nalikwenda. Nikamkuta angalipo. Nalikuna nazi, nikapika, nikamlisha kwa kidole changu kama alivyofanya kwa kila mtu. Alikula mara mbili. Ya tatu akafumba mdomo, nikajua.

Watu wangali wakinijia na pole. Wazee wenzangu huniambia usihuzunike, Faraj, mtaonana. Naitika. Nawaambia ndiyo, jasnau.

Hakuna aniulizaye ya nani.